Kisasi na Uchumba wa Kuigiza: Riwaya Yako ya Hoki Uichezeshe Uwanja Gani?

Riwaya ya mapenzi ya hoki yenye kisasi na uchumba wa kuigiza ina mifupa ambayo wapenzi wake wanaijua hata kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Mwanamke ameachwa, tena kwa aibu, na mchezaji mwenye jina. Anakutana na mchezaji mwingine ambaye naye ana lake la moyoni na yule wa kwanza. Wawili hao wanapatana wajionyeshe kwa watu kuwa ni wapenzi hadi msimu uishe, mmoja apate kulipiza na mwenzake apate anachokitafuta. Halafu maigizo yanawageukia, siri inatoka, wanatengana, na kurasa za mwisho zinakwenda katika kujenga upya kilichobomoka. Mifupa hii imetufikia kutoka Marekani na Kanada, ambako hoki huchezwa juu ya barafu. Mwandishi wa Nairobi anayetaka kuivika nyama kwa Kiswahili hukwama mapema, mara nyingi kabla ya kuwapa wahusika wake majina, kwa sababu hajui mchezo wenyewe auchezeshe wapi.

Njia zilizo mbele yake ni tatu. Anaweza kuiacha hadithi huko huko ilikozaliwa, akabuni timu katika ligi kubwa ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini. Anaweza kuileta barafu nyumbani, kwenye uwanja wa ndani ulio katika hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Au anaweza kuachana na barafu kabisa, akaiandika hadithi hiyo hiyo kwa mchezo wa magongo unaochezwa City Park, upande wa Parklands. Nawaandikia walio njia panda hapo, na ninaamini kwa dhati kwamba zote tatu zinaweza kuzaa riwaya nzuri, mradi mwandishi ajue anachokinunua na anachokilipa.

Vigezo vya kulinganisha

Nitazipima njia hizi kwa maswali matano. Nani anayedanganywa na uchumba huo? Pigo la kisasi linatua wapi na kwa sheria gani? Ni kitu gani kinachowalazimisha wawili hao kukaa pamoja hata wanapotaka kukimbiana? Siri ikifichuka, nani analipa na analipa nini? Na mwisho, mwandishi atahitaji kujifunza kiasi gani ili msomaji anayeujua mchezo asimkamate? Sikuweka mandhari wala umaarufu wa mchezo miongoni mwa vigezo, kwa kuwa riwaya ya aina hii huinuka au huanguka kwa nguvu ya udanganyifu na uzito wa kisasi, na uwanja una maana kwa kadiri unavyovitumikia viwili hivyo.

Nani anadanganywa

Ligi ya Amerika Kaskazini inampa mwandishi hadhira kubwa kupita kiasi. Timu za ligi hiyo, inayojulikana kama NHL, ni 32, kila moja hucheza zaidi ya michezo 80 katika msimu wa kawaida, na kila mchezo una kamera, waandishi wa habari, wadhamini, na jukwaa ambako wake na wachumba wa wachezaji huketi karibu karibu. Fursa za kujionyesha hazikosekani. Mwanamke anaingia ukumbini amevaa jezi yenye jina la mwanamume mwingine mgongoni, anashuka ngazi polepole hadi safu ya mbele, na mpenzi wake wa zamani, akiwa kwenye mazoezi ya kupasha mwili, anayasoma herufi hizo kupitia kioo kabla ya kuuona uso wa mwenye kuivaa. Hakuna neno lililosemwa, na kisasi tayari kimeanza kazi. Udhaifu wa hadhira hii ni kwamba wengi wao ni watu baki. Mashabiki elfu kadhaa wakidanganywa hakuna anayelala na njaa ya moyo, kwa hiyo mwandishi hulazimika kuwaweka karibu watu wachache wenye kuumia, kwa mfano dada wa mchezaji, kocha aliyemlea, au mchezaji mkongwe anayemwamini. Wanaopeleka hadithi kwenye hoki ya vyuo vikuu huko Marekani hulitatua jambo hili kwa urahisi zaidi, kwa sababu hadhira yao ni bweni, darasa na kocha mwenye sauti juu ya nafasi ya mwanafunzi kikosini.

Barafu ya Mombasa Road ina hali iliyo kinyume kabisa. Wanaocheza hoki ya barafu Nairobi ni wachache, wamefundishana, wameazimana vifaa, na wamekuwa wakicheza wao kwa wao kwa miaka mingi kwa kukosa timu jirani ya kushindana nayo. Kuwadanganya watu waliokwisha kukufunga kamba za viatu si kazi ndogo. Mhusika akimshika mwenzake mkono kwa namna isiyo ya kawaida, kuna mtu atakayeiona na kunyamaza, na ukimya huo unaweza kubeba sura nzima. Anayependa mashaka ya polepole, yale ya macho na pumzi, atayapata hapa kwa wingi.

City Park inafungua mlango mwingine, na ndio ninaouona kuwa mpana kuliko wote. Mwisho wa juma mechi za wanawake na za wanaume hufuatana katika uwanja ule ule, na waliomaliza kucheza hubaki jukwaani na mifuko yao na magongo yao, wakitazama walio ndani. Mpenzi wa zamani hahitaji kisingizio cha kuwapo. Anangoja zamu yake. Picha ya wawili hao wakinywa maji kutoka chupa moja inafika kwenye kundi la WhatsApp la timu kabla ya kipenga cha robo ya pili, inafika kwa binamu aliyesoma na mmoja wao, na jioni iko kwa mama mzazi Buruburu, ambaye anapiga simu kuuliza ni lini huyo kijana ataletwa nyumbani. Hapo ndipo uchumba wa kuigiza unapobadilika umbo. Jumapili inayofuata kijana ameketi kwenye kochi, sahani ya chapati na ndengu magotini, na shangazi aliyekuja rasmi kumtazama anamuuliza, “Na kwenu ni wapi, mwanangu?” Jibu la swali hilo walikuwa wamelifanyia mazoezi kwenye matatu. Swali la pili, “Na wazazi wako wanajua uko hapa?” hawakulifanyia mazoezi, na akijibu ndiyo, uongo umeshahamia nyumba ya pili.

Pigo la kisasi linatua wapi

Katika kigezo hiki hoki ya barafu ya kulipwa ina utajiri ambao mchezo mwingine hauwezi kuigiza. Kumgonga mpinzani kwa bega au kwa nyonga anapomiliki mpira, ule mfano wa sahani ndogo nzito ya raba, ni halali. Kupigana ngumi kunaadhibiwa, lakini tangu mwaka 1922 kanuni za NHL zimekuwa zikimpa mpiganaji dakika 5 nje badala ya kumfukuza moja kwa moja, na hivyo ugomvi umekuwa na mahali pake ndani ya mchezo. Makosa madogo humpeleka mtu kizimbani, yaani kwenye kiti cha adhabu kando ya barafu, dakika 2, na wakati huo timu yake inabaki na mchezaji mmoja pungufu. Mwandishi aone zawadi iliyomo humo. Mwanamume anamgonga mpenzi wa zamani wa mwanamke kwa hasira iliyozidi, refa anainua mkono, na kwa dakika mbili kamili amefungiwa nyuma ya kioo akitazama wenzake wakihangaika kwa sababu yake, saa ikihesabu kurudi nyuma juu ya kichwa chake, mwanamke akimtazama kutoka upande wa pili. Ikiwa wapinzani watafunga goli katika dakika hizo, kisasi chake kimelipiwa na watu ambao hawakuwa na hatia. Katika sehemu hiyo msomaji anaanza kujiuliza kama mpango huu ulikuwa na haki.

Ligi hiyo ina silaha nyingine iliyo baridi zaidi, nayo ni kubadilishana wachezaji. Mchezaji ambaye mkataba wake haumpi kinga anaweza kupelekwa timu nyingine bila kuulizwa, na dirisha la mabadilishano hayo hufungwa msimu ukiwa unakaribia mwisho wake. Mpenzi wa zamani anaweza kutua ghafla katika timu ya mwanamume wa kuigiza na kupewa kabati la nguo lililo jirani na lake. Anaweza pia kuondolewa usiku mmoja, na kumwacha mwanamke na kisasi kisicho na mtu wa kulipizwa, jambo ambalo naliona kuwa sura nzuri isiyoandikwa vya kutosha.

Barafu ya Nairobi haina soko la wachezaji, na kumuumiza mwenzako katika kundi dogo ni kuiua timu yenyewe. Kisasi hapo hutafuta njia ya nafasi. Mwaka 2018 timu ya Kenya Ice Lions ilisafirishwa hadi Toronto na kampuni ya mikahawa ya Tim Hortons, na huko nyota wawili wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wakavaa jezi na kucheza upande wao. Mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu. Matukio ya namna hiyo yanampa mwandishi wa kubuni injini safi: mwaliko umekuja, viti vya ndege havitoshi, na aliyemwaibisha msichana wetu ndiye anayedhaniwa kuwa wa kwanza kwenye orodha. Kumnyang'anya kiti hicho kwa haki, kwa kucheza vizuri kuliko yeye, ni kisasi kinachouma kuliko ngumi.

Magongo hayaruhusu kugongana mwili kwa makusudi, na gongo likiinuliwa kwa hatari refa hapuuzi. Kadi ya kijani inamtoa mchezaji dakika 2, ya manjano angalau dakika 5, na nyekundu inammalizia mchezo. Mwandishi anayetaka ngumi atasononeka. Hata hivyo mchezo huu una kona ya adhabu, na sijui kipengele cha mchezo wowote kinachofanana zaidi na kisasi kilichopangwa. Walinzi wasiozidi watano, kipa akiwa mmojawapo, wanajipanga nyuma ya mstari wa goli, wengine wamevaa vinyago vya kukinga uso. Wenzao waliobaki wamerudishwa hadi ng'ambo ya mstari wa kati. Washambuliaji wanangoja nje ya nusu duara iliyo mbele ya lango. Mpira unasukumwa kutoka mstarini, unatulizwa nje ya nusu duara, na wakati huo mlinzi wa kwanza kutoka anakimbia moja kwa moja kumkabili mpigaji, akijua kwamba mpira ule unaweza kumpiga gotini. Mweke mpenzi wa zamani awe ndiye mlinzi huyo, na mwanamume wa kuigiza awe ndiye anayeukokota mpira na kuurusha. Ana chini ya sekunde mbili za kuamua kama analenga lango au anamlenga mtu. Uamuzi huo, bila maelezo yoyote, unamwambia msomaji na mwanamke aliye jukwaani huyu ni mwanamume wa aina gani.

Kuna jambo jingine ambalo nalipa uzito mkubwa. Kwa kuwa wanawake wa Nairobi wanacheza magongo, tena wamekuwa na sifa (timu ya wanawake ya Telkom, iliyokuja kuitwa Blazers, ilitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mara nyingi), mhusika wetu anaweza kujilipizia kwa mikono yake. Mpenzi wa zamani awe sasa ni kocha wa timu pinzani ya wanawake, au rafiki aliyemwibia awe ndiye beki anayepaswa kumpita. Upande wa barafu nako mlango huo umefunguka, kwani ligi ya kulipwa ya wanawake ya Amerika Kaskazini, PWHL, ilianza Januari 2024 ikiwa na timu 6. Mwandishi aliyechoka kumwona mwanamke akipigiwa makofi kwa kuvaa jezi ya mtu asione kwamba barafu imemfungia nje.

Kinachowafungia pamoja

Katika ligi kubwa wawili hao hufungwa na ratiba. Safari ni nyingi, hoteli ni nyingi, na ikiwa mwanamke ni tabibu wa viungo wa timu au afisa wa mawasiliano, hawezi kukwepa. Ikiwa ni Mkenya anayeishi Toronto, umbali wenyewe unakuwa mhusika: mchezo unaoanza saa moja jioni kule wakati wa baridi unaangukia saa tisa usiku Nairobi, na ndugu mdogo anayekesha kuutazama kwenye simu ndiye wa kwanza nyumbani kumwona dada yake kwenye kamera akibusiwa na mtu asiyemjua.

Kule Mombasa Road kinachowafunga ni uhaba. Barafu ni moja na saa zake zina mipaka, kwa hiyo hata waliogombana vibaya watakutana mlangoni wakivaa viatu vya kuteleza. Magongo yana safari za basi kwenda Kisumu na kurudi, mazoezi ya jioni baada ya kazi, na foleni ya magari ya kutoka mjini hadi Limuru Road, ambamo watu wawili walioamua kutozungumza hujikuta wamezungumza. Vyote vitatu vinatosha. Sioni haja ya kuvibishania zaidi.

Bei ya siri kufichuka

Siri ya mchezaji wa kulipwa ikifichuka, hasara yake ina mikataba. Mdhamini anaondoka, uongozi unaona aibu, mwanamke anapoteza kazi aliyoipata kwa timu hiyo hiyo. Hasara hii inaonekana na kuhesabika, na humsaidia mwandishi anayependa hadithi iende mbio. Udhaifu wake ni kwamba msomaji wa Nairobi huenda asimwonee sana huruma mtu anayepoteza mamilioni ya dola, hivyo mwandishi inabidi amtafutie kitu ambacho pesa haikuweza kukinunua tangu mwanzo. Kwenye barafu ya nyumbani bei ni urafiki. Kundi dogo likigawanyika pande mbili, hakuna kundi tena, na wawili hao watakuwa wameua kitu kilichojengwa na wengine kwa miaka.

Kwenye magongo bei inapanda kwa ngazi. Vilabu vingi vya Kenya vimeshikamana na taasisi fulani: vipo vya vyuo vikuu, cha polisi, cha kampuni ya sukari, na vingine vimetoka katika jamii, kama Sikh Union. Hadithi ikimweka mwanamume katika timu ya mwajiri wake, kashfa ya uwanjani itamfuata hadi mezani kwake kazini Jumatatu. Juu ya hapo kuna familia. Uongo uliokusudiwa kumchoma mtu mmoja ukishafika kwa wazee, una hatua zake zinazojulikana, na kila hatua ni nzito kuliko iliyotangulia: kijana kuja kujulikana, wazee kutumana, siku kupangwa, mahari kutajwa. Mwandishi asiruke hatua hizi kwa haraka. Mahali pazuri pa kuwafanya wahusika watake kusema ukweli ni kabla ya wazee kuketi, na mahali pazuri pa kuwazuia ni hapo hapo, kwa sababu mjomba ametoka Meru alfajiri, mbuzi ameshachinjwa, na mama, ambaye tangu binti yake aaibishwe alikuwa haendi kwenye mikutano ya chama, leo amevaa kitenge chake kipya. Baba anamwita kijana pembeni na kumwambia tu, “Asante kwa kumrudishia mtoto wangu uso.” Baada ya maneno hayo kisasi dhidi ya mpenzi wa zamani kinaonekana kidogo sana, na deni jipya, la kumdanganya mtu aliyeshukuru kwa moyo wake wote, linachukua nafasi. Riwaya nyingi za aina hii hulegea katika theluthi ya mwisho kwa kuwa kisasi kimekwisha na mapenzi hayana tena upinzani. Deni hili huuzuia ulegevu huo.

Nakiri kwa haki kwamba familia inaweza pia kuingizwa katika riwaya ya ughaibuni, kwa simu na kwa ziara ya ghafla. Lakini simu hukatwa. Mjomba aliyeketi sebuleni hakatwi.

Kazi ya utafiti

Atakayechagua ligi kubwa ajiandae kusoma na kutazama. Uwanja una urefu wa mita 61 hivi na upana wa mita 26. Mchezo una vipindi 3 vya dakika 20. Kila upande una watu 6 barafuni, kipa akiwemo. Na mchezaji hukaa barafuni chini ya dakika moja kwa zamu kabla ya kupumzika, kwa hiyo tukio la mhusika kutafakari maisha yake kwa kurasa tatu katikati ya mchezo halitaaminika, ila liwekwe kwenye benchi. Msimu huanza Oktoba, msimu wa kawaida huisha Aprili, na mchujo huendelea hadi Juni. Kalenda hii ni rafiki mkubwa wa anayeandika hadithi ya sehemu kwa sehemu kwa wasomaji wa simu, kwa sababu kila mchezo unaweza kufunga sehemu moja, na kila sehemu ikaacha swali.

Barafu ya Panari inahitaji usomaji mdogo zaidi na uangalifu mkubwa zaidi. Uwanja ulifunguliwa mwaka 2005, umo ndani ya hoteli, na unaweza kwenda kuuona mwenyewe, ukasikia ubaridi unaokupokea kutoka joto la Mombasa Road. Tatizo ni kwamba wachezaji halisi ni wachache mno. Mhusika mwenye umri fulani, kazi fulani na nafasi fulani uwanjani atafanana na mtu anayejulikana, na si haki mtu huyo afunguliwe kashfa ya mapenzi ambayo hakuifanya. Buni timu, badilisha hata jengo, na usimchore mtu aliye hai.

Magongo yana historia ambayo riwaya bado haijaigusa. Kenya ilishika nafasi ya 4 katika Kombe la Dunia la kwanza la wanaume, Barcelona, mwaka 1971. City Park ilitayarishwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, na mwaka uliofuata Kenya ikacheza Olimpiki ya Seoul, ambayo hadi leo ndiyo Olimpiki yake ya mwisho ya magongo. Babu aliyekuwa kwenye kizazi hicho, akiketi jukwaani na kuona udanganyifu wa wajukuu kwa jicho la mchezaji, ni mhusika anayengoja mwandishi. Kuhusu kanuni, mambo machache yatakutosha: watu 11 kila upande, robo 4 za dakika 15, mpira hauchezwi kwa upande wa mviringo wa gongo, goli halihesabiwi kama mpira haukuguswa na mshambuliaji ndani ya nusu duara, na hakuna gongo la mkono wa kushoto. Kosa la mwisho hilo nimelikuta katika masimulizi, na mchezaji yeyote hulicheka papo hapo.

Uchague kwa hali yako

Ukiwa unawaandikia wasomaji ambao tayari wamezama katika riwaya za hoki za Marekani na wanataka zile zile kwa lugha yao, wape ligi kubwa. Wanatarajia kizimba, jezi, ngumi na hoteli, na ukiwanyima watahisi wamepewa kitu kingine. Mpe mhusika mmoja mizizi ya huku ili Kiswahili chao kiwe na sababu ya kuwapo chumbani, na kama unaandika kwa sehemu fupi fupi, ifuate kalenda ya msimu.

Ukiwa unapenda hadithi ya watu wachache katika chumba kimoja, maneno machache, na kisasi kisichohitaji damu, chagua barafu ya Nairobi. Inafaa riwaya fupi. Kwa riwaya ndefu utaishiwa na wapinzani, isipokuwa hadithi isafiri.

Ukiwa na ukoo mkubwa wa wahusika kichwani, mama na shangazi wenye sauti zao, na unataka mwanamke wako alipize akiwa na gongo mkononi, nenda City Park. Ni njia inayofaa pia kwa mwandishi anayetaka kuichapisha kazi yake mahali ambapo vijana wa shule wataisoma, kwa sababu mvutano wake unaweza kusimama juu ya mikutano ya familia na macho ya watu bila kutegemea faragha ya chumbani, ambayo katika mtindo wa Marekani huandikwa waziwazi. Ukitaka ngumi zenye mahali pake ndani ya mchezo na mpenzi wa zamani anayehamishiwa timu yako usiku wa manane, njia hii haitakupa.

Na ikiwa baada ya yote haya mizani bado haijalala upande wowote, chukua tukio moja, lile la mpenzi wa zamani kuwaona wawili hao pamoja kwa mara ya kwanza, uliandike mara tatu, ukurasa mmoja kwa kila uwanja, bila kuongeza tukio lolote jingine. Kisha msomee mtu asiyejua mpango wako, na umuulize ni katika ukurasa upi alimwogopea zaidi yule mwanamke. Anza na huo.